Acheni kufunza watu sudo kila mahali

Wasee, kuna ugonjwa umeingia kwa video zetu za teknolojia na nimechoka kunyamaza. Jamaa anafungua terminali, anaandika amri, Linux inamjibu Permission denied. Badala ya kuuliza nani amekataliwa na kwa nini, anaangalia kamera, anacheka, anasema, "Weka tu sudo hapo mbele." Ikikataa tena, anapiga chmod -R 777. Ikikubali, anaomba laiki, video imeisha. Na huku nje kuna watoto wa kidato cha tatu wameshajifunza kwamba ruhusa ni kelele tu, kitu cha kuzima kama alamu ya asubuhi.

Mimi nasema huo si ufundi, ni uharibifu. Najua nitaambiwa nina wivu juu ya views. Sawa. Lakini soma kwanza.

Kitu cha kwanza hizo video hazisemi: Linux haikujui wewe. Ilirithi hii tabia kutoka kwa Unix, ile ya Bell Labs ya kuanzia 1969. Kwa kerneli hakuna Brayo wala Shiro, kuna prosesi. Kila programu ikianza inakuwa prosesi, na kila prosesi inatembea na kitambulisho chake mfukoni: namba ya mtumiaji (UID), namba ya kikundi (GID), na orodha ya vikundi vya ziada. Ile orodha ya ziada ilikuja na BSD miaka ya mwanzo ya 1980. Kabla ya hapo ulikaa kwa kikundi kimoja kwa wakati mmoja, ukitaka kingine unabadilisha na newgrp, kama mtu anayevua jezi avae ingine.

Prosesi ikigusa faili, kerneli inauliza maswali kwa mpangilio. Wewe ndiye mwenye faili? Kama ndiyo, utapata ruhusa za mwenyewe na maswali yameisha. Kama sivyo, kikundi cha faili kiko kwa orodha yako? Kama kiko, utapata za kikundi. Kama hakiko, wewe ni "wengine". Jibu la kwanza ndilo linashinda. Ndio maana unaweza kuwa mwenye faili na bado ukanyimwa kitu ambacho wengine wote wanaruhusiwa. Wengi hufikiri hiyo ni mzaha mpaka wajaribu.

Hii sheria ndogo si mchezo. Mwaka wa 2014 kerneli ya Linux yenyewe ilipatikana na mwanya hapo hapo. Kama faili inanyima kikundi fulani lakini inaruhusu wengine, prosesi ikiweza kujitoa kwa hicho kikundi inahesabiwa sasa kama "wengine", na mlango unafunguka. Yaani kupunguziwa kikundi kunakuongezea nguvu! Ilibidi waongeze faili inaitwa setgroups ndani ya /proc ili kuziba. Kama watu wanaoandika kerneli wanaumiza kichwa na vikundi, wewe unatoa wapi ujasiri wa kusema "weka tu 777"?

Halafu kuna urithi. Prosesi ikizaa prosesi ingine, mtoto anabeba UID, GID na orodha yote ya mzazi. Kwa hivyo ukiweka sudo mbele ya script moja, na hiyo script inaita programu kumi, umetengeneza prosesi kumi za root. Root ni UID 0, na kwa UID 0 yale maswali ya ruhusa za faili karibu yote hayaulizwi. Hukusema "fanya hii kazi moja." Ulitoa funguo zote za ploti kwa mtu aliyekuja kubadilisha balbu, na akaingia na shemeji zake.

Sasa tuje kwa kitu kinachoniudhi zaidi, simu yako.

Nyinyi nyote mna maoni makali kuhusu apu za mkopo. Apu ikiomba kusoma namba za watu wako, unaikataa, unaposti skrinshoti, unalia kuhusu faragha. Fiti sana. Lakini unajua kwa nini hiyo apu inalazimika kuomba? Juu Android imejengwa juu ya Linux, na kila apu ikiwekwa inapewa UID yake, kutoka 10000 kwenda juu. Kwa macho ya kerneli, apu ya mkopo na WhatsApp ni watumiaji wawili tofauti wanaoishi nyumba moja na hawafunguliani milango. Apu haiwezi kufungua faili za apu ingine kwa sababu ile ile mtumiaji mmoja kwa seva hawezi kusoma faili za siri za mwingine. Mambo kama orodha ya namba yanalindwa na Android kwa tabaka lake la juu, lakini sakafu ni hii ya UID na vikundi.

Usiniamini, jionee. Kama una Termux, andika id. Utaona UID ya kumi elfu na kitu, halafu orodha ya vikundi, na ndani yake kuna 3003, jina lake inet. Hicho ni kikundi cha ruhusa ya intaneti. Waliojenga Android walichukua swali la "hii apu iruhusiwe kwenda mtandaoni?" wakalifanya kuwa swali la "hii prosesi iko kwa kikundi 3003?" Kitu cha zamani kabisa cha Unix, kiko mfukoni mwako.

Sasa mtu huyo huyo anayekataza apu ya mkopo kugusa namba za mamake anafungua laptopu, anakopi amri kutoka kwa mtu hamjui, anaweka sudo, anabonyeza Enter. Yaani simu ya elfu kumi inalindwa kuliko mashine anayotumia kutafuta riziki.

Wenye kujitetea huwa na jibu moja: "Lakini hiyo ni laptopu yangu, niko peke yangu." Uko peke yako wapi? Ukipiga npm install, vifurushi vingi vina script zao zinazojiendesha wakati wa kuwekwa, kwa UID yako. Hujazisoma, na hutazisoma. Kwa UID ya kawaida zinaweza kukuumiza tayari, juu zinaona folda yako yote ya nyumbani. Ukiongeza sudo zinaweza kukuumiza hadi mashine nzima. Kompyuta ya mtu mmoja ina mamia ya prosesi na wewe umeandika sifuri kati ya hizo.

Jibu la pili ni hili: "Tunajifunza tu, kazini tutafanya vizuri." Hapa acha nikuonyeshe kazini.

Kuna mama anauza nguo za watoto mtandaoni. Duka dogo, wateja wa ukweli, wengi wanalipa kwa M-Pesa na kuletewa hadi mlangoni. Alilipa kijana mmoja amtengenezee tovuti. Kijana akaiweka kwa seva ya kukodisha, lakini programu ikakataa kufungua mlango namba 80, juu kwa kawaida namba zote chini ya 1024 huhitaji ruhusa maalum. Sasa yeye akafanya vile alifunzwa: sudo node, imeshika, malipo yameingia, kwaheri. Miezi kadhaa baadaye huyo mama ananipigia simu, tovuti inaonyesha vitu vya ajabu. Niliingia nikapiga ps, nikaona safu ya kwanza imejaa neno moja kutoka juu hadi chini: root, root, root.

Mwanya ulikuwa mahali pa kupakia picha. Programu ilikubali jina la faili vile limetumwa. Kwa hivyo mtu akatuma "picha" ambayo jina lake lilikuwa na ../../ kadhaa, ikapanda nje ya folda ya picha, ikatua ndani ya /etc/cron.d. Cron ikaisoma na kuiendesha kama root. Basi. Kutoka hapo alichukua kila kitu, na nakala za akiba zilikuwa kwa seva hiyo hiyo, akafuta.

Sasa sikiza vizuri, juu hapa ndio hoja yangu yote iko. Ule mwanya ni kosa la kawaida, hata developa mzuri huandika mwanya. Lakini kama ile programu ingekuwa inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida asiye na kikundi chochote cha maana, kerneli ingeangalia /etc/cron.d, ione mwenye ni root, kikundi ni root, wengine hawaandiki, iseme Permission denied. Ule ujumbe mnaochukia. Ungemwambia mwizi. Sisemi hangeiba chochote: data ambayo programu yenyewe inasoma, bado angeifikia. Lakini akiba ikiwa ya mtumiaji mwingine ingebaki. Seva ingebaki. Huyo mama angekula hasara ya wiki moja badala ya kuanza upya, na kupigia wateja simu mmoja mmoja akiwaambia majina yao, namba zao na mahali wanaishi viko kwa mikono ya mtu asiyejulikana. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mwenye duka ndiye anaulizwa. Mtengeneza video haulizwi.

Na kitu cha kuudhi ni kwamba suluhisho lilikuwa rahisi. Unatengeneza mtumiaji wa hiyo programu pekee. Unaweka nginx mbele ishike mlango 80, programu yako ikae 3000 huko nyuma. Angalia vile nginx yenyewe inajiheshimu: kwa Ubuntu, prosesi mzazi ni root ili ifungue mlango, lakini zile zinazoongea na watu wa nje zinashushwa hadi www-data. Ama kama unatumia systemd, ni mistari miwili: User= na Group=. Mistari miwili, buda. Imeshinda ile sekunde arobaini unatumia kuomba watu wakufuate.

Na ukiandika programu yako inayojishusha kutoka root, kuna mpangilio: kwanza setgroups, halafu setgid, mwisho setuid. Ukianza na setuid umeshatupa nguvu za root, hizo zingine mbili zitakataliwa, na prosesi yako itabaki imevaa vikundi vya zamani bila wewe kujua. Kwa jina inaonekana ni mtu wa kawaida, mfukoni bado ina kadi ya bosi.

Sasa wale wa Docker. Najua mlikuwa mnangoja. Kila video ya Docker inafika mahali inasema ujiongeze kwa kikundi cha docker "ili usisumbuliwe na sudo". Maelezo ya Docker wenyewe yanaonya kwamba hicho kikundi kinatoa nguvu sawa na root, juu mwanachama wake anaweza kuiambia programu ya Docker, ambayo inaendeshwa kama root, imfungulie diski yote. Mimi sikatazi mtu kuingia. Nakataza kuuziwa mbuzi kwa gunia. Sema kwa video: "Nikijiweka hapa, kila prosesi nitaanzisha kuanzia sasa, hadi kichezo nilichopakua jana, kina mlango wa kufika root." Halafu mtu aamue.

Tena hapo hapo kuna mtego. Amri ni usermod -aG. Ukisahau ile a, haikuongezi kwa kikundi, inakutoa kwa vikundi vingine vyote vya ziada na kukuacha na hicho kimoja. Kwa Ubuntu hiyo inamaanisha umejitoa kwa kikundi cha sudo, na sasa huwezi kujirudisha. Na ukishaipiga vizuri, watu hushangaa mbona bado wanakataliwa. Ni ile ile hadithi: ruhusa ziko kwa prosesi. Prosesi zako zilipewa orodha ya vikundi ulipoingia asubuhi, na kerneli haisomi /etc/group, haijui hata iko. Toka uingie tena, ama newgrp. Lakini mwalimu wa YouTube hajui hivyo, kwa hivyo anasema? Weka sudo.

Nije kwa kill, halafu niwaachie.

Unix ina "kikundi" cha aina ya pili ambacho hakihusiani na watumiaji: kikundi cha prosesi, PGID. Ukiandika amri kwa terminali, sheli inaweka prosesi zote za hiyo amri kwa kikundi kimoja. Ukibonyeza Ctrl+C, signali inaenda kwa kikundi chote kilicho mbele ya terminali, mzazi na watoto pamoja. Ndio maana Ctrl+C inasafisha vizuri. Lakini ukitafuta PID ya mzazi ukampiga kill peke yake, mzee anaanguka na watoto wanabaki. Unaanzisha programu tena, inakuambia mlango 3000 umeshikwa. Hapo ndio unaona jamaa anapiga sudo killall -9 node.

Angalia makosa matatu kwa mstari mmoja. Killall na sudo inaua kila node ya kila mtumiaji, pamoja na ya rafiki yako mnayeshiriki seva. Signali 9 haiwezi kushikwa na programu, kwa hivyo hifadhidata iliyokuwa katikati ya kuandika haipati hata nafasi ya kufunga mlango. Na sudo inafuta swali lenye maana zaidi: je, hii prosesi ni yako kuiua? Kwa kawaida kerneli inaangalia UID tu, yako na ya ile unayoilenga. GID haisaidii. Mnaweza kuwa kikundi kimoja cha watumiaji, mnaandika faili moja, na bado huwezi kuua prosesi ya mwenzako. Hiyo ni busara, si usumbufu.

Amri ya sawa ni kupata PGID kwa ps -o user,pid,pgid,args, halafu kill -- -PGID, na ile alama ya kutoa mbele ya namba. Inatuma signali 15, ya kistaarabu, kwa familia yote. Bila sudo. Ila jua hili: kama ndani ya kikundi kuna mtoto uliyemwanzisha na sudo, huyo hataguswa, na kill haitakuambia kitu. Ikifaulu kwa mmoja tu inahesabu imefaulu. Nimeona watu wakikesha wakitafuta "bagi" ambayo ni mtoto mmoja wa root aliyebaki ameshika mlango. Sudo ya asubuhi ndiyo inakudai sudo ya jioni.

Na kwa wale watasema mimi ni nani, niliacha chuo mwaka wa pili: kweli, niliacha. Huko tulifunzwa 4, 2 na 1, tukajumlisha 7 kwa karatasi, tukapita mtihani. Hakuna siku mtu alisema hizo namba zinaulizwa nani. Kwa hivyo sitetei darasa. Lakini darasa baya halikupi leseni ya kuwa mbaya kwa watu elfu hamsini badala ya sitini.

Ninachotaka kwa video zenu ni kidogo. Terminali ikisema Permission denied, msiikate hiyo sehemu. Pigeni id, pigeni ls -l, na ls -ld kwa folda, soma kwa sauti: prosesi ni ya nani, faili ni ya nani, kikundi gani kinakosekana. Kama ni folda ya kazi ya watu wengi, tengeneza kikundi, chgrp, halafu chmod 2770, ile 2 inafanya faili mpya zirithi kikundi cha folda. Weka umask 002, la sivyo faili mpya hazitaandikika na wenzako na mtarudi kwa 777 mkilia. Inachukua dakika tatu. Hata TikTok sasa inakubali video ya dakika tatu.

Na kama una programu unaapa haiwezi kuenda bila root, weka hapo chini tokeo la ps na la ls -l. Nitaangalia leo usiku, stima ikiwepo.